Kimya cha Kibandani

Ko.

Kisha kimya. Kisha tena: ko. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha asubuhi yangu ya kwanza Texas, kabla sijaiona Texas yenyewe. Tulifika nikiwa nimelala kiti cha nyuma cha gari, nikaongozwa hadi kitandani nikisinzia, na nilipofumbua macho mapazia mazito yalikuwa yameziba kila kitu. Nikalala pale nikisikiliza. Nilidhani mtu anapasua kuni. Kwetu Nakuru shoka likilia mapema hivyo, ama kuna harusi ama kuna msiba, na mtoto huamka haraka kwenda kuuliza ni kipi. Nikaamka. Niliifuata sauti nikipapasa ukuta, nikapita jikoni, nikasukuma mlango wa gereji.

Mzungu mrefu alikuwa amesimama mbele ya wavu, gongo la kupigia mpira mkononi. Aliweka mpira mweupe juu ya kijiti cha plastiki, akaupiga, ukazama wavuni. Ko. Aliponiona alilaza gongo chini, akavua kofia, akasema Kiswahili alichofundishwa na mama: "Habari ya asubuhi, binti. Umelala wewe?"

"Umelalaje," nikamwambia.

"Umelalaje," akarudia, na akaniinamia kidogo kwa shukrani, kama mtu aliyerudishiwa mkoba wake barabarani.

Mama alikuwa ametangulia Marekani nikiwa mdogo, mimi nikabaki na nyanya. Alipata kazi ya uuguzi Fort Worth, na huko wodini akamkuta mzungu huyo, mgane aliyefanyiwa upasuaji wa goti, ambaye alikataa kulala mpaka aambiwe matokeo ya mechi. Mama akamtafutia matokeo. Mambo yao yalianzia hapo. Aliponileta niishi nao Grand Prairie, mama alitaka nimwite Baba. Yeye akasema mtoto ana baba yake, hata kama hayupo, aniite apendavyo. Nikamwita Kocha, kama walivyomwita watu wote, na neno hilo likaota mizizi mdomoni mwangu.

Alikuwa kocha wa besiboli katika chuo kidogo nje ya Fort Worth, na alikuwa ameanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Chuo kilibadilisha wakuu, kikabadilisha rangi za jezi, kikajenga maktaba na baadaye kuibomoa, yeye akabaki palepale. Alimwagilia udongo wa uwanja mwenyewe. Aliusawazisha mwenyewe kwa reki, akirudi nyumanyuma ili asiukanyage aliokwisha kuulainisha. Wachezaji waliohitimu zamani walikuja na vitambi na watoto wao, wakasimama nyuma ya wavu, naye akawaita kwa majina ya utani waliyoondoka nayo. Hakumsahau hata mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Vikombe alivifungia kabatini.

Jumapili wachezaji walikuja kula kwetu. Vijana wa miji midogo ya Texas, mikono mirefu, wakikunja chapati za mama kuzunguka nyama choma ya Kocha, wakimwita mama "Mama" kwa lafudhi zao za kuvuta. Kutoka meza hiyo Kocha aliiba neno "tulia" na kulipeleka uwanjani. Mrushaji wake akianza kupaniki, kibanda kizima kilipaza sauti, "Tulia, tulia," na timu za wenyeji zilitazamana zikijiuliza hao ni watu gani.

Kibanda ninachosema ni kile kirefu kilicho kando ya uwanja, ambamo wachezaji hukaa kwenye benchi moja wakingoja zamu. Kina desturi zake. Mbili nilizijua mapema.

Ya kwanza ni ya mrushaji aliyechoka. Mrushaji ndiye asimamaye katikati ya uwanja akimrushia mpira mpigaji wa upande wa pili, na hakuna mrushaji akubaliye kwamba amechoka. Kwa hiyo kocha humwendea polepole, bila kusema neno, akanyoosha kiganja. Kijana huweka mpira katika kiganja hicho na kuondoka. Habishani. Kocha alikuwa na mpira mmoja wa zamani uliokaa mfukoni mwa koti lake siku zote, na wakati mwingine nyumbani, nikiwa nimeng'ang'ania hesabu hadi machozi, alikuja mezani na kunyoosha kiganja, nami nikampa penseli.

Ya pili ni ya kimya. Ikitokea siku ambayo wapigaji wote wa upande wa pili wanashindwa kabisa kumpiga mrushaji wako, hakuna mtu anayelitaja jambo hilo. Akirudi kupumzika hukaa mwisho wa benchi peke yake. Wenzake husogea mbali, wanatazama vidole vyao, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Wanaamini kwamba ukilitaja, linavunjika.

Mama hakujua. Mwaka wake wa kwanza kama mke wa kocha alijongea hadi kwenye wavu wa kibanda, kwa kuwa mwanamke wa kwetu hawezi kumwona mtu akichapa kazi vizuri hivyo akampita tu. Akamwambia yule kijana, "Hongera sana, mwanangu. Leo hawajakugusa hata mmoja." Kibanda kiliganda. Mpira uliofuata ulipigwa ukapita juu ya uzio, ukaenda kuangukia paa la gari la mchungaji wa chuo.

Jioni Kocha alimketisha jikoni na kumweleza desturi ile huku akicheka akijishika mbavu.

"Kwa hiyo mtu akifanya vizuri nisimwambie?" mama aliuliza.

"Utamwambia mechi ikiisha."

"Na akifa kabla haijaisha?"

"Basi atakuwa amekufa bila mkosi."

Kisa hicho kilisimuliwa mezani miaka yote, na kila kiliposimuliwa gari la mchungaji lilizidi kubonyea. Hakuna mwanafunzi wa Kocha aliyelishika somo lake kama mama alivyolishika hilo.

Nilirudi kuishi nao nilipomaliza chuo. Nilikuwa na riwaya isiyokwisha na kazi ya zamu katika ghala moja huko Mesquite, nikibandika lebo kwenye maboksi. Ndipo nilipoanza kuona.

Kwanza yalikwenda majina ya utani. Mchezaji wa zamani alikuja na binti yake mabegani, Kocha akamkumbatia kwa nguvu, akamwuliza, "Mkono vipi?" Yule mtu akafurahi, akaeleza habari za mkono wake. Wa pili naye aliulizwa mkono vipi. Na wa tatu. Kocha alikuwa amevumbua swali linalomfaa kila mrushaji duniani, na alilitumia kwa ustadi hata nikamwonea fahari kabla sijaogopa.

Kisha zikaja barabara. Mchana mmoja alitoka uwanjani kurudi nyumbani, njia ambayo angeiendesha amefumba macho, na simu ikalia: yuko Euless, katika maegesho karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Nilipofika nilimkuta ameegemea gari, injini inanguruma, anatazama matumbo ya ndege zikishuka.

"Nilikuja kuangalia ndege," alisema.

"Nipe ufunguo, Kocha."

"Wewe ni binti yangu ama ni polisi?"

"Polisi haji na chai," nikamwambia, na nikamwonyesha chupa. Alikunywa chai ya mama yenye tangawizi katikati ya kila mechi. Hakuna kinywaji kingine alichokiamini. Akanipa ufunguo. Tangu siku hiyo nikawa dereva wake, na sote watatu tukakubaliana kusema kwamba ni kwa sababu ya goti.

Mama alimpeleka kwa daktari. Yaliyotokea humo nimeyapata kwa mama. Daktari alipofungua mdomo, Kocha aliinua mkono kama mwamuzi anayesimamisha mchezo. "Msimu ukiisha," alisema. "Ukiisha utaniambia kila kitu. Sasa mwambie mke wangu, mimi nitangoja kwenye gari." Akatoka. Mama akayasikia peke yake, akauliza maswali ambayo muuguzi anajua kuyauliza, akapata majibu ambayo tayari aliyajua. Alipofika garini alimkuta akitafuna mbegu za alizeti.

"Tulikuja kumwona nani hapa?" Kocha alimwuliza.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alituachia agizo, halafu agizo lenyewe likamponyoka. Sisi tukabaki nalo.

Chuo kingejua, kingemwandalia keki na hotuba na kumwondoa katikati ya msimu. Kisingethubutu kumwacha mgonjwa akiongoza vijana wa watu. Naye alitaka kitu kimoja tu, na alikisema kila asubuhi akivaa kofia yake: aumalize msimu huu akiwa amesimama mahali pake uwanjani, kando ya kituo cha tatu, kisha aage mwenyewe kwa mdomo wake. Mechi za mwisho zilikuwa Houston. Kazi yetu sote ikawa kumfikisha Houston.

Kazini mama huwaambia watoto wa watu ukweli kuhusu wazazi wao. Ameshika mikono mingi katika korido za hospitali. Nyumbani aliushika mkono wangu, kwenye sinki, mikono yetu ikiwa na povu, akasema, "Tusiseme. Acha mechi iishe." Nami nikaendelea kusuuza vyombo. Nilikuwa mtoto wa mtu mwingine aliyelelewa na mtu huyu. Sikujua haki yangu inaanzia wapi.

Lazima nieleze ishara, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kocha husimama kando ya kituo cha tatu, kati ya vituo vinne ambavyo mpigaji huvikimbilia kimoja baada ya kingine, na kuzungumza na wachezaji wake kwa mikono. Anagusa kofia, kifua, sikio, mkanda. Karibu yote ni makelele ya kuwachanganya wapinzani. Katikati yake kuna mguso mmoja wenye maana, unaomwambia kijana akimbie au akae. Timu nyingi siku hizi hupeana amri kwa vifaa vya elektroniki. Kocha alivicheka. Mikono yake ilikuwa na mwendo wake, laini, kama ya mtu anayekunja nguo zake mwenyewe, na nilipokuwa msichana alinifundisha kuisoma.

Msimu huo mikono ilianza kusema maneno ya zamani. Alitoa ishara za timu nyingine, za vijana ambao sasa wana watoto vyuoni. Mkimbiaji mmoja akakimbia asipotakiwa, akatolewa. Mwingine akasimama kama mti. Kisha makosa yakakoma ghafla. Nilifurahi. Nilimwambia mama kwamba Kocha amepata nafuu, na nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumshukuru Mungu, mpaka siku nilipokaa karibu na kituo cha kwanza na kuona macho ya mkimbiaji.

Kijana alikuwa amemwelekea Kocha, uso wote wa heshima. Lakini macho yake yalipita juu ya bega la Kocha na kutua kibandani, nyuma yake, ambako msaidizi wake alikuwa amesimama kwenye kizingiti, kidole kwenye mkanda. Ishara za kweli zilitoka huko. Kocha alikuwa akiimba wimbo mrefu mbele ya watu waliokuwa wakisikiliza redio nyingine.

Nilimfuata msaidizi maegeshoni baada ya mechi. Ni mtu mkubwa, aliyekuwa mchezaji wa Kocha, na alishawahi kulala kwenye kochi letu muhula mzima alipokosana na baba yake.

"Wachezaji ndio walioniomba," alisema. "Walikuja wote ofisini. Hawataki aaibike."

"Na wewe huwezi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Mimi ndiye nitakayepewa kazi yake. Nikifungua mdomo, ataniona nimeshashika kiti." Alifuta uso wote kwa kofia. "Mwambie wewe. Wewe ni wa nyumbani."

"Wewe ni wa kazini," nikamwambia.

Tulisimama pale kama watu wawili wanaosukumiana bili hotelini, kisha kila mmoja akaingia gari lake.

Safari ya Houston, Kocha alikataa basi la timu. Miaka yote alikaa kiti cha mbele cha basi hilo, amegeuka nyuma, akiwatania vijana. Safari hii alisema atakuja na mimi na mama.

"Basi limekuwa kimya," alisema tulipoishika barabara kuu namba arobaini na tano. "Vijana wa siku hizi ni simu tu."

Mama alitazama malisho ya ng'ombe dirishani hadi yakaisha.

Houston hewa inakushika usoni kama taulo lililoloweshwa. Tulikwenda kwanza kwa mama mdogo, dada yake mama, naye muuguzi, anayeishi upande wa kusini magharibi katika nyumba yenye mapazia ya waridi na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma. Alikuwa amepika kama anayengojea askofu: mukimo wa viazi na mboga, kuku wa mchuzi, chapati, kachumbari. Jua la alasiri lilikuwa bado kali dirishani.

"Mme-drive vizuri? Shemeji, karibu, karibu kiti. Umekonda. Dada, humpi huyu chakula?"

"Ananipa," Kocha alisema kwa Kiswahili. "Ninakimbia, yeye ananikamata, ananipa."

Tukacheka. Tukafumba macho, mama mdogo akaomba.

Mama hakuweza kumwambia mumewe, na hakuweza kutomwambia Mungu, na njia yake ya kwenda kwa Mungu ilipitia kwa dada yake, kwenye simu, kila Jumatano. Hilo nilikuwa silijui. Na mama mdogo ni mtu wa maombi. Akishafumba macho, hakuna mtu mwingine chumbani isipokuwa yeye na Bwana.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa chakula na kwa mkono wako barabarani," alianza, kwa Kiswahili, lugha aliyodhani shemeji yake anaijua ya salamu na ya chapati. "Tunamleta shemeji yetu mbele zako. Wewe unajua, Bwana, aliyoyasema daktari. Akili yake inayoondoka kidogo kidogo, uirudishe. Uwabariki vijana wake wanaomfichia, Baba. Umfunike, asione aibu hadi mechi ya mwisho. Na dada yangu, anayefungua maji bafuni ndipo alie, umtie nguvu—"

Mama alikohoa. Akakohoa tena. Lakini kwetu kikohozi hakijawahi kukatiza maombi, na mama mdogo aliyafikisha mwisho kwa utaratibu, akapitia serikali za nchi mbili, wagonjwa wote na wasafiri.

"Amina," tukasema.

"Amina," alisema Kocha. Kisha akavuta sahani yake karibu: "Shemeji, nisogezee kachumbari."

Alikula vizuri. Aliomba kuongezewa. Nilimsikia mama mdogo jikoni akimnong'oneza mama, akijitetea, "Hakuelewa, dada. Mtu aelewe vile, kisha ale vile?" Mama alifungua bomba zaidi. Alikuwa akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Nilimpeleka Kocha hotelini kwa timu yake. Mama alibaki kwa dada yake, nadhani kwa sababu hakuwa na uso wa kuingia garini. Tulipita maduka, makanisa, maduka.

"Mama yako mdogo anaomba vizuri," Kocha alisema.

"Ndiyo."

"Aliniombea nini?"

Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, nikaitazama. "Afya," nikasema.

"Afya." Alilitafuna neno hilo kama mbegu ya alizeti, akitafuta ganda liko wapi. "Miaka mingapi nimekaa kwenye nyumba yenu, binti, mkinisema mbele yangu kwa Kiswahili?"

"Mingi."

"Mingi," alikubali, akageukia dirisha mpaka tulipofika. Aliposhuka aligonga paa la gari kwa kiganja, mara moja, kama alivyozoea. Nilikaa pale injini ikiwa inawaka. Ningeweza kushuka. Ningeweza kumfuata hadi kwenye lifti na kumwambia yote. Watu wangu wa kwenye karatasi, wale wa riwaya, huambiwa mambo makubwa kwenye lifti bila shida yoyote. Mtu wa nyuma alipiga honi, nikaondoka.

Mechi ya mwisho ilichezwa mchana uliofuata. Mimi na mama tulikaa upande wa kituo cha kwanza, kwenye kivuli, mkabala na kibanda chetu, chupa ya chai miguuni. Kocha alitoka na kusimama mahali pake kando ya kituo cha tatu, kofia imenyooka, mgongo umenyooka. Mama alitoa pumzi. Tulikuwa tumefika. Yalikuwa yamebaki masaa machache ya kumvusha.

Mchezo ulikwenda vizuri, tukaongoza. Kisha mkimbiaji wetu mmoja akafika kituo cha kwanza, karibu kabisa na tulipokaa, akamgeukia Kocha kupokea ishara.

Kocha aligusa kofia. Akagusa kifua. Kisha akasita, akatazama mikono yake, na akaanza kitu ambacho sijawahi kukiona uwanjani. Alikunja ngumi mbili mbele ya tumbo lake na kuanza kuzisukuma mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma. Akainua kitu kisichoonekana, akakizungusha robo, akasukuma tena. Akanyunyiza unga. Alikuwa anasukuma chapati. Alisukuma vilevile anavyosukuma mama, kiwiko cha kushoto kikipanda juu kidogo, kisha akaipindua hewani na kuiweka kwenye kikaango, akapaka mafuta kwa mgongo wa kijiko.

Mama alicheka. Lilikuwa cheko la ghafla, la furaha, lililomtoka kabla hajalizuia. Kisha akaziba mdomo.

Kwa sababu mkimbiaji alikuwa ameitikia kwa kichwa. Aliitazama ile chapati hadi mwisho, kwa heshima zote alizolelewa nazo, akaitikia kwamba ameelewa, kisha macho yake yakapita juu ya bega la Kocha yakienda kibandani. Na mpira uliporushwa, akakimbia, kama alivyoamriwa na mtu mwingine. Akafika salama. Watu wetu wakapiga makofi.

Kocha hakupiga. Aligeuka nyuma kwa mara ya kwanza. Msaidizi wake alikuwa kwenye kizingiti, kidole bado kwenye mkanda.

Walitazamana. Kisha Kocha akatembea hadi kwake, bila haraka, mwendo uleule wa kumwendea mrushaji aliyechoka, akamwambia kitu kifupi, akamwonyesha kwa kidevu mahali pale kando ya kituo cha tatu. Msaidizi alitikisa kichwa. Kocha akaonyesha tena. Yule mtu mkubwa akaenda kusimama pale kama mtoto aliyesimamishwa kona, na Kocha akaingia kibandani.

"Mpelekee chai," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ile ya korido. Lakini hakusimama.

Nilizunguka uwanja na kuingia kwa mlango wa nyuma wa kibanda, mlango wa chuma unaoelekea kwenye ujia wa chini ya viti. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Kati yake na mchezaji wa karibu palikuwa na nafasi ya kulaza mtu. Vijana wote walikuwa wakitazama vidole vyao, wakitafuna, wakitema maganda. Mrushaji mmoja alinyanyuka nusu, nadhani alitaka kwenda kukaa naye. Mwenzake akamshika jezi, akamrudisha chini taratibu.

Nikakaa mimi.

"Usikae hapo," Kocha alisema. "Utaniletea mkosi."

Nikamimina chai kwenye kifuniko, nikampa.

"Umeona chapati yangu?"

"Nimeiona."

"Kijana aliitikia."

"Ana adabu."

"Wote wana adabu." Alipuliza chai. "Ni kila mtu anajua?"

"Kila mtu."

"Na mama mdogo na Mungu."

"Na wao."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ndiye uliyesema tusikuambie. Kwa daktari. Ulisema msimu ukiisha."

Alinitazama usoni akitafuta kama natania. "Mimi?"

"Wewe."

"Basi na hilo limekwenda," alisema, akacheka, cheko lile la jikoni, lakini lilikatika mapema. Alikunywa chai yote. Huko nje mtu aliita "Tulia, tulia," na hakuna kibandani aliyemwitikia.

"Tunaongoza?" aliuliza.

Ubao wa matokeo ulikuwa mbele yake, mkubwa kama nyumba. "Tunaongoza, Kocha. Imebaki kidogo sana. Kaa tu hapa na mimi, iishe."

"Mrushaji akichoka hangoji iishe, binti."

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ule mpira wa zamani uliokuwa mweusi kwa vidole vyake, akaangaza macho kama anayetafuta kiganja kilichonyooshwa. Hakuna aliyekuwa amenyoosha. Nikanyoosha changu, kwa kuwa sikujua la kufanya nacho. Akauweka mpira hapo. Ulikuwa na joto. Kisha akasimama, akaiweka kofia yake sawa, na akapita mbele ya benchi lote, na kila goti lilivutwa nyuma kumpisha.

Nikamwita alipokwisha kufika mlangoni. "Kocha, ningoje. Nina ufunguo."

Nyuma yangu gongo liligonga mpira, ko, na kibanda kizima kikasimama kuutazama ukienda. Yeye hakugeuka. Alitoka akaingia kwenye ujia, akashika kulia. Gari tulikuwa tumeliacha kushoto. Nilisimama na mpira mkono mmoja na kifuniko cha chai mkono wa pili, na mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake.